Mwepu alivunja sheria, hakukosea

Video yenyewe ni ya sekunde chache, na wanafunzi wengi wa kitivo chetu wanayo kwenye simu. Ni tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi: Zaire dhidi ya Brazil. Brazil wamepewa mpira wa adhabu. Mpira umetulia chini, wachezaji wetu wamejipanga ukuta, filimbi inalia. Ghafla Mwepu Ilunga, beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, anachomoka ukutani na kuupiga mpira ule mbali kabla Mbrazil yeyote hajaugusa. Anapewa kadi ya njano.

Huko Ulaya wamecheka miaka hamsini: Mwafrika hakujua sheria! Linaloniuma ni kwamba hata sisi tunatumiana video hiyo na kucheka kwa sababu ileile. Sisi, watu wa lugha, ambao kazi yetu ni kuuliza msemaji alikusudia nini.

Kiswahili kinatenganisha kukosea na kuvunja. Anayekosea sheria haijui au ameisahau. Anayeivunja anaijua vizuri. (Mtu wa Lubumbashi anayesema "kitabu yangu" sokoni na kuandika "kitabu changu" kwenye mtihani hajakosea popote, ingawa baadhi ya walimu wetu watanikatalia.) Na sheria hii kila mtoto wa mtaani anaijua, hata kama anaiita kwa Kifaransa, coup franc: mpira unatulia, wapinzani wanarudi nyuma, kwa vipimo rasmi mita 9.15, na aliyechezewa vibaya ndiye anayepiga. Timu ya Mwepu ilitwaa Kombe la Afrika kule Misri mwezi Machi mwaka huohuo. Beki wa mabingwa wa Afrika angejifunza sheria hiyo wapi tena?

Soma basi muktadha. Zaire walikuwa wamefungwa 2-0 na Scotland, kisha 9-0 na Yugoslavia. Pesa walizoahidiwa wachezaji hazikuwafikia. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba alifanya makusudi: hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani wakati watakaofaidi pesa wamekaa jukwaani. Alisimulia pia kwamba watu wa Mobutu waliwatisha: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, wasirudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0.

Maelezo hayo mawili hayafanani. La kwanza ni la mgomo, la pili ni la hofu, la mtu anayetafuta kupoteza dakika. Wapo wanaotumia tofauti hiyo kusema Mwepu alijitungia sababu baadaye. Inawezekana mtu akawa na hasira na hofu kwa pamoja. Mwenye kuishi zama zile hashangai. Lakini hata ukichagua moja tu, katika yote mawili Mwepu anajua mpira ule si wake. Kitendo chake hakina maana yoyote pasipo sheria hiyo.

Katika mechi ya Yugoslavia mwamuzi alimtoa nje Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao tisa katika Kombe la Afrika, kwa teke ambalo husimuliwa kuwa lilipigwa na Mwepu. Hata sura zao hazikusomwa sawasawa.

Ninapendekeza jambo moja. Memwari zetu zinarudia ngeli na methali kila mwaka. Mmoja wetu achukue kinasa sauti awafuate wachezaji wa 1974 walio hai, awahoji kwa lugha zao wenyewe. Mwepu alifariki mwaka 2015, Ndaye mwaka 2019. Swali la kwanza ninalo tayari: pale ukutani, kabla ya filimbi, mlikuwa mnasemezana Kiswahili, Lingala au Kifaransa, na mlisema nini?