Taiming Haiwekwi kwa Sikio

Peleka gereji Hilux ya miaka ya 1970, yenye injini ya 12R, kabureta na platini, uone. Ili kuweka taiming, yaani wakati wa cheche, fundi atalegeza distribyuta, ataizungusha taratibu huku akisikiliza, na injini ikichangamka atakaza. Ukiuliza vipimo, utaambiwa sikio la fundi mzoefu linatosha.

Halitoshi. Injini iliyo sailensa, gari limesimama, haina mzigo. Ukizidi kuwahisha cheche, mizunguko inapanda na mlio unanoga hata baada ya kupita kipimo cha kiwanda; sikio linasifia kosa. Tena ndani ya distribyuta mna vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, navyo huiwahisha cheche zaidi. Ukizidisha digrii 10 gereji, zinajumlishwa juu ya zile za vyuma hivyo. Pale gereji hutasikia kitu. Utasikia ukiupanda mlima Kitonga na shehena ya viazi, gia ya pili, mguu umekandamiza mafuta: injini inagonga. Ikiendelea hivyo, ringi zitavunjika au pistoni itatoboka, na gharama ni ya mwenye gari, si ya aliyesikiliza.

Basi wengine husema, chelewesha tu, ndiyo salama. Si salama. Cheche ikichelewa, mafuta yanaungua wakati pistoni imeshaanza kushuka, na joto lililotakiwa kuisukuma linaishia kwenye ekzosi. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, linachemka. Kabla hujanunua rejeta mpya, pima taiming.

Kuna wanaosema platini zitaangaliwa baadaye. Utaratibu ni kinyume chake. Nafasi ya platini ikipanuka, zinafunguka mapema na taiming inawahi. Kisigino cha platini kikisagika, nafasi inapungua na taiming inachelewa. Ukizigusa baada ya kuweka taiming, umeiharibu kazi yote. Anza nazo, takriban milimita 0.45 kwa Toyota hizi, ndipo uwashe taa ya taiming.

Hata taa nayo si mwisho wa maneno, kwa kuwa inamulika alama ya puli tu. Puli nyingine zina mpira kati ya kitovu na duara la nje. Mpira ukichoka, duara linateleza na alama inahama. Toa plagi ya silinda ya kwanza, zungusha injini kwa spana, uhakikishe pistoni ikiwa juu kabisa alama inasoma sifuri. Kabla ya kumulika, mpira wa vakyumu wa distribyuta uchomolewe na kuzibwa kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Na hicho kitabu, wanadai, ni cha enzi za petroli yenye risasi. Ni kweli risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Lakini kinachozuia injini kugonga ni oktani, na petroli ya sasa huipata kwa njia nyingine. Anzia namba ya kitabu. Ikigonga mlimani na mzigo, rudisha digrii 2, kisha ujaribu tena kwa mzigo uleule.