Wepesi wa golikipa si dawa, ni kiwanja

Golikipa akiruka na kupangua mpira ambao kila mtu alikwisha kuuhesabu ndani ya nyavu, maneno yanayosikika pembeni ya kiwanja, iwe Goma, Bukavu, Uvira au Lubumbashi, ni mawili tu. Wengine wanasema: ana dawa. Wengine wanasema: alizaliwa hivyo. Maneno yote mawili ni matamu masikioni, na yote mawili ni uongo. Ubaya ni kwamba uongo huo una faida kwa watu fulani. Kama wepesi unatoka kwa mganga au tumboni mwa mama, basi hakuna mkubwa yeyote anayedaiwa kumpa mtoto kiwanja, mpira wala kocha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Penalti inapigwa mita 11 toka golini. Mpira ukienda kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, unafika kwenye mstari kwa sekunde 0.4 hivi. Goli lina upana wa mita 7.32. Mtu mwenye afya akiona kitu, ubongo wake na misuli yake vinataka kama sekunde 0.2 kabla mwili haujaanza kujibu. Zinabaki sekunde 0.2 za kuruka hadi kwenye mlingoti. Hakuna binadamu anayeweza. Ni kusema golikipa anayengoja kuona mpira unaelekea wapi, huyo amekwisha kufungwa.

Hata wakimbiaji wa dunia nzima wamewekewa mpaka huo. Sheria ya riadha inasema anayeondoka chini ya sekunde 0.1 baada ya mlio wa kuanzia ameiba mwanzo, kwa sababu inaaminika hakuna mwili unaoweza kusikia na kuondoka upesi hivyo. Mwaka 2022, katika mashindano ya dunia huko Eugene, Marekani, Devon Allen aliondolewa katika fainali ya mita 110 kuruka viunzi kwa sababu chombo kilimpimia sekunde 0.099. Alitolewa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapo ndipo mwisho wa mwili, na mabingwa hawauvuki sana kuliko watu wengine.

Sasa, kama mwili una mpaka, hao wanaookoa wanaokoa kwa nini? Wanaokoa kwa kusoma. Kabla mpira haujaguswa, golikipa amekwisha kuangalia namna mpigaji anavyoanza mbio, kiuno chake kinavyogeuka, na ule mguu unaosimama kando ya mpira umeelekea upande gani. Anasoma kama mama wa sokoni anavyomsoma mnunuzi toka mbali na kujua kama amekuja kununua au kupoteza muda. Mama huyo hakupewa dawa. Amekaa sokoni miaka.

Anayebisha aende Marekani, kwenye beziboli, ule mchezo wa kupiga kwa gongo kampira kanachorushwa kwa nguvu. Wapigaji wa ligi kubwa wanasifiwa kuwa na macho kuliko watu wote. Mwaka 2004 waliwekwa mbele ya mwanamke, Jennie Finch, bingwa wa softiboli, mchezo ndugu ambamo mpira ni mkubwa zaidi na unarushwa kwa mkono unaotokea chini. Albert Pujols, mmoja wa wapigaji wakali wa wakati wake, aliukosa mpira hadi akatolewa. Macho yake yalikuwa yale yale ya jana. Kilichokosekana ni kitu kimoja: hakuwahi kuusoma mkono wa namna ile. Ukimwondolea bingwa mazoea yake, wepesi wake unayeyuka palepale.

Na kama wepesi ungekuwa damu ya ujana tu, wazee wangekuwa wapi? Mwaka 2018, kwenye Kombe la Dunia la Urusi, Essam El-Hadary wa Misri aliokoa penalti ya Saudi Arabia akiwa na miaka 45. Karibu zaidi na nyumbani, kuna Robert Kidiaba. Watoto wote wa Kongo wanamjua kwa ile furaha yake ya kuruka-ruka akiwa ameketi chini, na wengi walicheka tu. Lakini huyo alilinda goli la TP Mazembe mwaka 2010 huko Abu Dhabi, timu ilipoifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0 na kuwa ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Mwaka 2015 alikuwa bado golini, miaka 39, Kongo ilipochukua nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti mbele ya Guinea ya Ikweta. Mwili unapungua kila mwaka. Kusoma kunaongezeka.

Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alizuia mipira 3,289 katika ligi ya NBA. Watu wanasema: ni juu ya urefu wake. Warefu NBA ni wengi kama miti ya msitu. Aliyezuia zaidi yake ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, na huyo utotoni Lagos alikuwa golikipa wa kabumbu kabla hajashika mpira wa kikapu. Miguu yake na macho yake vilifundishwa kwenye kiwanja cha vumbi kabla ya sakafu ya mbao.

Hapo ndipo aibu ya inchi inapoanza. Tarehe 28 Januari 2024, huko San Pédro, Côte d'Ivoire, wakaaji wa mashariki walikesha karibu na redio na simu. Kongo na Misri zilikuwa 1-1, zikaingia penalti, na zikaendelea hadi magolikipa wenyewe wakapige. Yule wa Misri aligonga mlingoti wa juu. Lionel Mpasi akaweka mpira chini, akapiga, 8-7. Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini Mpasi alizaliwa Meaux, Ufaransa, na akafundishwa huko huko. Wengi wa Leopards wako hivyo. Hakuna ubaya ndani yake, wao ni Wakongo kamili. Ubaya ni wa wakubwa wanaopiga picha na kombe na jezi, huku watoto wa hapa wakiachiwa mawe. Inchi inavuna shamba ambalo haikulima.

Wakaaji wa Goma na wote waliokimbilia pembeni yake wanajua mawe hayo. Ni lava ya Nyiragongo, yenye makali kama wembe. Mtoto anayeruka kudaka mpira wa masashi na kamba juu ya lava, anaruka mara moja. Kiwiko kikipasuka, mara ya pili anasimama tu na kuutazama mpira ukipita. Kisha mtu mzima anasema: huyu hana kipaji. Huyo anacho! Alichokosa ni udongo laini mita chache, mahali pa kuanguka mara elfu moja bila kuumia, kwa sababu ni katika kuanguka huko mwili unajifunza.

Watasikika wanaosema: familia zinalala chini ya maturubai, zinatafuta unga na maji, na wewe unaleta habari za mpira? Swali ni la haki, na jibu ni hili. Unga kwanza, maji kwanza, usalama kwanza. Lakini kiwanja hakimnyang'anyi mtu unga wake. Wanaopima ardhi ya kuwaweka wakimbizi wa ndani wanapima fasi ya vyoo, ya bomba, ya ghala na ya magari yao. Kupima kipande kimoja zaidi, kuokota mawe, kusimamisha miti minne, ni kazi ya siku chache kwa mikono ya vijana ambao tayari wako hapo bila kazi. Shida si pesa. Shida ni kuwaona watoto kama midomo ya kulisha tu.

Vilevile kwa mjini. Kiwanja cha shule kinachokatwa vipande na kuuzwa ili zijengwe boutique, hakirudi. Mkubwa anayetia sahihi ile karatasi anauza macho ya magolikipa ambao bado hawajazaliwa. Na mzazi anayempiga mtoto, hasa msichana, kwa sababu amechelewa kiwanjani, naye anasaidia kazi hiyo hiyo bila malipo.

Tena, mpira si mchezo tu kwa watu hawa. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire huko Abidjan, wachezaji wa Kongo walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole kichwani kama bunduki. Dunia ambayo haikuwa ikiutazama mashariki ililazimika kuutazama kwa dakika moja. Kongo ilifungwa 1-0 siku ile, lakini ishara ile ilizunguka kila mahali. Familia zilizokimbia vijiji vyao zilisemewa na wanaume ambao walipata nafasi ya kusimama pale kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliwapa kiwanja walipokuwa wadogo.

Basi wanaogawa ardhi, waache kiwanja. Wanaoongoza shule, wasikiuze. Wenye mashirika, pamoja na mablanketi walete mipira ya kweli, na ya kutosha hata kwa wasichana. Makocha wa mitaa, waache kuwapeleka watoto kwa mganga usiku wa kuamkia mechi; wawapeleke kiwanjani asubuhi. Na siku golikipa fulani wa kambini atakapookoa penalti ambayo kila mtu aliihesabu, wazee wasiulize ni mganga gani. Waulize alifanya mazoezi wapi, kisha wakalinde mahali hapo.