Rekodi ya 513 Isikudanganye

Jamani, kupanga safu moja kutoka kubwa hadi ndogo si uchambuzi!

Mashabiki wa besiboli ya Marekani humtaja Matt Kilroy: mwaka wa 1886 aliwatoa wapigaji 513 kwa straiki tatu. Sawa, lakini alirusha zamu 583, tena kutoka mstari ulio futi 50 tu mbele ya mpigaji. Mwaka wa 1893 umbali ukawa futi 60 na inchi 6. Hizo ni data mbili tofauti, usizichanganye.

Wa kisasa nao hujibu na Gerrit Cole: 326 mwaka wa 2019, karibu 14 kwa kila zamu 9. Wanasahau kwamba mwaka huo timu ya kawaida ilipata karibu 9 kwa mechi. Dazzy Vance alipata 262 mwaka wa 1924, karibu 8 kwa zamu 9, na wastani wa ligi haukufika 3. Aliyemfuata, Burleigh Grimes, alikuwa na 135.

Gawanya kwa zamu, kisha kwa wastani wa enzi. Cole ni kama mara moja na nusu ya wenzake. Vance anapita mara mbili na nusu. Mkali ni Vance. Unabisha? Leta hesabu, si majina.