Papa ni Halali, Kummaliza si Halali

Kila sifa njema ni Zake Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila linapotajwa suala la kumhifadhi papa, hapa kwetu Kibaha na Kisarawe huzuka hoja mbili. Ya kwanza ni kuwa papa ni halali, hivyo anayemtetea anaharamisha alichokihalalisha Allah. Ya pili ni kuwa sisi ni watu wa mihogo na mikorosho, hatuna ufuko, basi wakaulizwe wavuvi. Hoja zote mbili ni dhaifu.

Hakuna aliyesema kuwa papa ni haramu. Suratul Maidah, aya ya 96, imehalalisha mawindo ya bahari, na sisi wenyewe tumekuzwa kwa papa mkavu wa nazi. Lakini Qur'an hiyo hiyo imekataza israfu katika Suratul A'raf, aya ya 31, na katika Suratur Rum, aya ya 41, imeuhusisha uharibifu wa bara na bahari na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mwenye kuishika aya ya kwanza na kuzifumbia macho hizi mbili hafuati dalili, anafuata tumbo. Mbuzi naye ni halali. Je, mfugaji anayechinja kila jike lenye mimba tutamwita mfugaji?

Na hapa ndipo penye ujinga wetu mkubwa, kwani tunamhesabu papa kama kibua. Kibua hutaga mayai kwa maelfu mengi. Papa wa aina nyingi hubeba mimba na kuzaa watoto hai, wachache, baada ya kukua kwa miaka mingi. Papa nyundo jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 9 hadi 12. Kwa uzazi, mnyama huyu yu karibu zaidi na ngamia kuliko na dagaa, na jarife linapotegwa halimbagui mwenye mimba. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 baina ya mwaka 1970 na 2018. Papa upanga ametoweka katika sehemu kubwa ya bahari alizokuwa akiishi. Wanaosema kuwa bahari haiishi watuonyeshe alipo.

Ama hoja ya kutokuwa na ufuko, wenye kuitoa wamesahau kuwa Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na Mafia imo ndani ya mkoa huo huo. Huko, mbele ya Kilindoni, kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Machi huonekana potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye chakula chake ni dagaa na vijidudu vya majini na wala hamdhuru mtu. Isitoshe, papa anayevuliwa pwani huliwa bara. Mvuvi hategi jarife kwa ajili ya mapenzi ya bahari. Anatega kwa kuwa sisi tunanunua.

Lipo na lililo baya zaidi. Katika bahari nyingi duniani papa hukatwa mapezi, kisha mwili hutupwa majini ungali hai, uzame na kufa polepole, ili mapezi yapelekwe Hong Kong yakapikwe supu ya karamu. Katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), aliyoipokea Imam Muslim, tumeamrishwa ihsani hata katika kuchinja. Ihsani iko wapi hapo? Nyama haikuliwa, na dharura haikuwepo.

Hatumlaumu mama anayepanga mafungu yake sokoni, wala maskini ambaye papa ndiye kitoweo anachokimudu. Lawama yetu ni kwa mfanyabiashara anayekusanya mapezi, na kwa wale wanaoitoa kafara baharini ili wapate samaki wengi (shirki iliyo wazi), kisha wakavua hata vitoto. Papa nyundo, tangu mkutano wa CITES wa mwaka 2013, biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali. Anayevusha kwa magendo anavunja ahadi iliyowekwa na nchi yake, na Muislamu ameamrishwa kutimiza ahadi.

Tunawaomba maimamu walitaje jambo hili katika khutba ya Ijumaa, na wanunuzi wa Kibaha na Kisarawe wakatae papa wachanga, hata wakiuzwa kwa bei ya kutupa.

Wallahu a'lam.