Kikao cha kwanza ni cha kujuana tu

Kijana anayekodi bedsita Kahawa Sukari anaweza kukaa miezi mitatu na namba ya mshauri nasaha kwenye simu bila kuipiga. Si pesa tu inayomzuia. Anaogopa jirani wa ploti amwone akiingia kwenye lango lenye kibao cha ushauri nasaha, halafu jioni aulizwe, "Kwani umeshikwa na nini?" Mtaa wenyewe ni mdogo: uliyekutana naye kwa mama mboga jana ndiye mtakayekaa naye leo kwenye matatu ya tao.

Siku anapojikaza akaenda, anatarajia makubwa. Alie, afunguke, atoke pale akiwa mwepesi. Badala yake anapewa fomu. Jina, umri, mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura, dawa anazotumia. Kisha maswali: unalala vipi, unakula vipi, umewahi kufikiria kujidhuru? Saa inaisha kabla hajaifikia ile stori iliyompeleka. Anatoka amechoka, pengine ana hasira, na anaapa kwamba hatarudi. Vijana wengi huachia hapo, na ndiyo maana tunaandika haya.

Kikao cha kwanza hakijakusudiwa kukuponya. Mshauri anataka kujua mzigo wako una uzito gani kabla ya kukusaidia kuushika. Lile swali la kujidhuru ni la kawaida, si kwamba umeonekana umeharibika. Lijibu kwa ukweli. Zamani watu walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025.

Na siri je? Unayosema hubaki mle chumbani, lakini kuna mipaka: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au korti ikiagiza. Mwambie akueleze mipaka hiyo kabla hujamwaga mtama. Kama wewe ni mtu mzima na mama ndiye amelipa, hiyo haimaanishi kwamba atapewa ripoti.

Wewe pia una haki ya kuuliza. Tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayotaka wanaofanya kazi hii wasajiliwe. Kwa hivyo si ufidhuli kumuuliza mtu amesomea wapi, amesajiliwa na nani, analipisha ngapi, na utatozwa nini ukikosa kufika. Asiyependa maswali hayo, mwage. Vilevile, mshauri ambaye ndani ya nusu saa ameshakuamuru umsamehe baba, uachane na mpenzi na urudi kanisani, huyo hajakusikiliza. Shangazi angekufanyia hayo bure, tena na chai. Kubadilisha mshauri si kumsaliti mtu.

Pesa ni shida ya kweli, tusidanganyane. Kikao kimoja cha kulipia kinaweza kumeza chakula cha wiki nzima. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, lakini kijana wa Ruiru bado anaambiwa ajipange. Kama wewe ni mwanafunzi, anzia kwa washauri wa chuo chako kabla ya kutafuta wa kulipia. Ukizidiwa usiku, laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo. Wengine hufanya kikao kwa simu, ila kuta za bedsita zina masikio. Afadhali utafute mahali pa faragha mapema kuliko kunong'ona saa nzima chini ya blanketi.

Siku hiyo usijipangie mtihani wala deti ya jioni. Unaweza kuhisi vibaya zaidi kuliko ulivyoingia, kwa sababu umegusa kidonda ulichokifunika kwa miaka. Kula, lala. Na kabla hujatoka pale ofisini, chukua tarehe ya kikao cha pili, hata kama moyoni unasema hutakuja.