Somo la nishati Lamu lisiishie kwenye betri na balbu

Wanafunzi wa Gredi ya Nane hufundishwa katika Sayansi Jumuishi kwamba nishati haiumbwi wala haiangamii, bali hubadilika sura. Mfano wa darasani huwa betri na balbu. Kwa watoto wa Amu, Faza na Kizingitini upo mfano mzito zaidi, uliofikishwa hata mbele ya sheria.

Mwaka 2016, mamlaka ya mazingira, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Juni 26, 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira liliifuta, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hesabu yake yastahili kuandikwa ubaoni. Mtambo wa aina hiyo hugeuza takriban asilimia 40 tu ya nishati ya makaa kuwa umeme. Ili kupata megawati 1,050, tanuri lingehitaji kutoa joto la megawati zipatazo 2,600. Zile 1,500 na ushei zingekwenda wapi? Sehemu ingepaa na moshi. Sehemu kubwa ingebebwa na maji ya kupozea mitambo, ambayo yangevutwa kutoka baharini na kurudishwa humo yakiwa na joto. Vitabu huiita nishati iliyopotea. Mvuvi wa kamba haoni kwamba imepotea.

Jahazi nalo lina kipindi chake: jua hupasha nchi na bahari, upepo huvuma, tanga likaugeuza mwendo. Hapo mwalimu hahitaji maabara, ambayo shule nyingi hazina. Atahitaji kuwapeleka wanafunzi gatini.