Likizo ya Kuuguza, Si ya Kujulia Hali Tu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wanafunzi na wazazi.

Kila likizo ya Desemba inapokaribia huwa tunawauliza wanafunzi wetu watakwenda wapi. Majibu tumeyazoea: Kondoa, Tanga, Singida, Ugweno kwa babu. Siku hizi limeongezeka jibu jingine, nalo husemwa kwa sauti ndogo: tunakwenda Dar, bibi anachomwa mionzi. Tumeona tuizungumze safari hiyo waziwazi, kwa sababu ni safari ya ibada, na kwa maoni yetu familia nyingi huifanya nusunusu.

Lugha yetu inatenganisha mambo mawili. Kuna kumjulia mgonjwa hali, na kuna kumuuguza. Kujulia hali ni kufika, kutoa salamu, kuomba dua na kuondoka. Ni haki ya Muislamu kwa nduguye, na Mtume (S.A.W.) ameihimiza sana. Kuuguza ni kubaki: kupika, kufua, kusindikiza, kuamka usiku. Ndugu anayetibiwa saratani mbali na kwao anahitaji zaidi hili la pili, na likizo ndio wakati ambao familia yenye wanafunzi inaweza kulitekeleza.

Tuangalie tiba yenyewe ilivyo. Kwa miaka mingi mgonjwa wa huku kaskazini aliyehitaji mionzi alielekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Baadaye Bugando, Mwanza, nayo ikaanza mionzi, na mwaka 2016 KCMC Moshi ikafungua kituo cha saratani, kwa hiyo ni vyema kumuuliza daktari kwanza ni tiba ipi inapatikana karibu. Hata hivyo wapo ambao rufaa yao ni Ocean Road, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa Levolosi.

Mionzi haimalizwi kwa siku moja. Mara nyingi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku, kwa muda wa wiki tano au zaidi. Dawa za dripu nazo huja kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, na kabla ya kila mzunguko damu hupimwa. Dakika za kwenye mashine ni chache, lakini siku nzima inakwisha: kuamka alfajiri katika chumba cha kupanga huko Mbagala au Tegeta, kupanda daladala mbili, kusubiri, kurudi na kichefuchefu, kisha kutafuta chakula ambacho kinywa chenye vidonda kitakikubali. Mtu mzima mwenye afya angechoka.

Hapa ndipo tiba nyingi zinapokatika. Mtaani kwetu tumemwona mama aliyerudi katika wiki ya tatu. Dawa zilikuwepo na mashine ilikuwa inafanya kazi. Binti aliyekuwa akimuuguza ana genge pale Kilombero, watoto walikuwa wamebaki kwa jirani, na hakupatikana wa kumpokea zamu. Kabla ya hapo ndugu walikuwa wamekwenda kumwona, tena wengi, kwa mkupuo mmoja, wakakaa siku mbili. Mgonjwa akawapikia. Tiba iliyokatizwa namna hii hupunguza matumaini ya kupona, nao wale waliokwenda kumwona walirudi wakiamini wamekwisha timiza wajibu.

Isisemwe kwamba watu wetu hawawezi kusafiri kwa ajili ya mgonjwa. Mwaka 2011 sote tuliona magari yakipita hapa Arusha kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe cha dawa kilikuwa shilingi 500, lakini familia zilikodi magari kwa fedha nyingi, zikalala porini katika foleni ya kilomita nyingi, na wapo walioripotiwa kufia njiani. Hatuandiki haya kumcheka yeyote, maana mwenye mgonjwa hushika lolote. Tunasema tu kwamba nguvu ile, nauli ile na subira ile tunazo. Zilitoka kwa ajili ya kikombe cha siku moja, basi zitoke pia kwa ajili ya tiba ya wiki tano.

Na tusidhani kuuguza ni kazi ndogo ya pembeni. Katika mwaka wa pili Hijria Waislamu walipotoka kwenda Badr, Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alibaki Madina kwa amri ya Mtume (S.A.W.), kwa sababu mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa. Waislamu waliporudi, Mtume alimpa fungu lake katika ngawira na akamhesabia ujira sawa na aliyehudhuria vita. Tuzingatie mambo mawili. Uthman alikuwa mwanamume na mtu mwenye shughuli zake, lakini kuuguza hakuachiwa wanawake peke yao. Na Bibi Ruqayya hakupona. Alifariki katika siku hizo hizo. Fungu la mwuguzaji halikutegemea matokeo. Familia inayoogopa kwenda kwa kuwa ugonjwa umefika mbali na ikumbuke hilo.

Basi tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, familia ikae kikao kabla ya shule kufungwa, igawe likizo kwa zamu. Wawili waende wiki mbili, wakirudi wengine wawili waende. Nauli ya watu wanane kwa siku mbili inaweza kulipa chumba cha mgonjwa kwa muda mrefu. Asiyekuwa na zamu atume nauli yake kwa simu, naye ameshiriki. Mjue pia kwamba mwisho wa Desemba mabasi ya kutoka Dar hujaa watu wanaokuja Moshi na Arusha, na mwanzoni mwa Januari hujaa wanaorudi, kwa hiyo tiketi zikatwe mapema.

Pili, vijana wakubwa waende na kazi maalumu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kutunza daftari la tarehe za kliniki na dawa, kubeba faili, kupika uji na mtori laini usio na pilipili, kumsomea mgonjwa Qur'an. Mwenye mafua au kikohozi asubiri apone, kwa sababu baada ya dripu kinga ya mgonjwa hushuka, na homa ndogo kwake ni jambo la kumkimbiza hospitali usiku huohuo.

Tatu, watoto wadogo wasidanganywe. Wapo wanaosema mtoto asimsogelee bibi, ataambukizwa. Saratani haiambukizwi kwa kukaa pamoja wala kula sahani moja. Mionzi inayopigwa na mashine kutoka nje haibaki mwilini, hivyo mjukuu anaweza kumkumbatia bibi yake jioni ileile. Zipo tiba nyingine zenye masharti yake, na hizo waulizwe wahudumu. Mtoto anayeambiwa ukweli kwa maneno machache huogopa kidogo kuliko anayesikia watu wazima wakinong'ona. Kazi ikiisha, apelekwe ufukweni aione bahari, ipo pale pale mbele ya hospitali. Furaha ya mtoto humwingia na mgonjwa.

Nne, tumrahisishie mgonjwa ibada kama dini ilivyomrahisishia. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala, na asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Ramadhani ikimkuta katika tiba anayo ruhusa ya kula, na masuala ya kulipa au kutoa fidia aulizwe imamu. Si adabu wala si ucha Mungu kumtia haya mgonjwa kwa ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Tano, sisi tunaobaki Levolosi tuna zamu yetu. Binti akienda kumuuguza mama yake, nani atasimamia genge? Watoto wake watakula wapi wakitoka madrasa? Jirani anayekaa gengeni mwezi mmoja ameuguza bila kupanda basi. Wazazi wa kila darasa wanaweza kujua nyumba ipi ina mgonjwa wa rufaa na kugawana kazi hizo, bila kungoja uchangishaji wa mazishi, ambao sote tunauitikia haraka.

Mtasema likizo ni ya kupumzika. Ni kweli, na hatuwanyimi wanafunzi wetu Kondoa wala Ugweno. Lakini mwanafunzi aliyehifadhi juzuu nzima na hajawahi kumshika mgonjwa mkono mpaka bafuni bado ana somo hajalifikia, na somo hilo sisi walimu hatuwezi kulifundisha ubaoni.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape subira wanaowauguza, na awarehemu waliotangulia. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.